Bao la mninga la fundi wa Nyakato, na vitu vingine nilivyowanunulia wanangu likizo ya Desemba

Desemba fundi cherehani kama mimi hana usingizi. Shule zimefungwa, Januari zinafunguliwa, na kila mzazi hapa Kitangiri, Mwanza, anataka sketi ya buluu na shati jeupe viwe tayari kabla kengele haijagongwa. Mwezi huohuo wanangu wote watatu wako nyumbani: mkubwa wa miaka 13 aliyemaliza darasa la saba, wa kati wa miaka 9, na kitinda mimba wa miaka 5 ambaye akiamka na maswali hanyamazi mpaka alale. Mvua nayo inakuwa imeshika. Mawe ya mlimani kwetu yanateleza, njia za kushukia barabarani zinakuwa mifereji, na mtoto mdogo huwezi kumtuma hata dukani ukabaki na amani.

Ziwani ndiyo kabisa. Wageni wakiliona ziwa hudhani watoto wa Mwanza wanashinda wakiogelea. Mzazi anayejua kichocho kinavyopatikana hamwachi mtoto achezee maji ya ukingoni, pale penye magugu na konokono, maana ni kwa konokono hao vijidudu vinatoka na kupenya kwenye ngozi ya mtu aliyeingia majini. Shuleni wanapewa dawa, namshukuru Mungu, lakini kinga inabaki kwa mzazi. Kwenda Kisiwa cha Saanane nako ni jambo zuri sana, nimewahi kuwapeleka. Ila ukijumlisha kiingilio, boti, nauli na soda za watu sita, hiyo si safari ya kila Jumamosi.

Basi mwaka huu nilitenga shilingi 60,000 kutoka kwenye hela ya sare, nikasema hii ni ya michezo ya nyumbani. Nimeandika hapa kilichofaa na kisichofaa, kwa sababu najua wako wazazi wenye hali kama yangu, kazi imebana na watoto wako miguuni. Kipimo changu kilikuwa kimoja: mkubwa na mdogo wakae mkeka mmoja bila mimi kuinuka kwenye cherehani kwenda kuamua ugomvi.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni bao. Nusu nzima ya hela ilienda huko na sijutii hata senti.

Fundi mwenyewe yuko Nyakato, ukitoka mjini kwa barabara ya Musoma, kwenye mabanda ya maseremala. Kazi yake hasa ni vitanda na milango. Mabao anachonga kwa mbao zinazobaki, na ndiyo maana bei yake inashikika. Nililiona moja limetundikwa mlangoni kwake siku nilipopeleka stuli ya cherehani kugongwa misumari. Alinitajia 35,000 kwa la mninga, tukashushana mpaka 30,000, nusu nikaacha kama utangulizi. Aliahidi wiki moja, ikapita, nikapiga simu, akasema mbao zilikuwa hazijakauka sawasawa. Kuchelewa kuliniudhi wakati ule, watoto walikuwa wanauliza kila siku, lakini nimeshaona milango ya watu iliyotengenezwa kwa mbao mbichi inavyopinda, kwa hiyo kwenye hilo namuunga mkono. Bao likipinda halikai sawa mkekani, kila ukitia kete linatikisika.

Lilipokuja lilikuwa zuri. Ni pande moja la ubao, halikuungwa, urefu kama sentimita 60, upana 30, na uzito wa kuonyesha kwamba ni mninga kweli. Rangi yake ni ile nyekundu ya udongo yenye mistari myeusi. Mashimo ni 32, safu nne za mashimo manane manane, na kila mchezaji ana nyumba yake, shimo la mraba kwenye safu ya mbele, la nne ukihesabu kutoka kulia kwake. Mwishoni fundi ameongeza mashimo mawili makubwa ya kuwekea kete ambazo bado hazijaingia mchezoni. Mabao ya bei rahisi hayana mashimo hayo, na mtoto anaishia kukumbatia kete mapajani zikamwagika akisimama.

Kina cha mashimo ndicho kitu cha kuangalia kwanza. La kwetu ni kama sentimita tatu, na kuta zake zinapanda taratibu. Mtoto akiingiza vidole vinne anasomba kete zote kwa mara moja. Niliwahi kuona bao la mapambo, yale wanayouziwa watalii, mashimo yake ni ya juujuu, ukidondosha kete inaruka hadi shimo la jirani na mchezo wote unaharibika. Hilo lifae ukutani.

Msasa wa fundi ni mzuri mbele, hafifu nyuma. Kwenye safu mbili za katikati ukipitisha kidole hakikwami popote. Safu za pembeni, hasa zile pembe mbili za upande wa kushoto, alama za patasi zimebaki chini ya shimo, na wa kati alichomwa na kibanzi siku ya kwanza tu. Nilinunua karatasi ya msasa laini ya 1,000, nikaikunja kwenye gunzi la hindi, tukasugua wenyewe. Watoto walifurahia kazi hiyo kuliko nilivyotegemea, kila mmoja alipewa safu yake. Baada ya hapo tukapaka mafuta ya alizeti kwa kitambaa, tukaliacha usiku kucha, asubuhi mninga ukawa umeng'aa.

Kete hazikuja na bao. Hili fundi aseme mapema, maana bao bila kete 64 ni ubao tu. Watoto waliokota vikokoto laini, wakavichambua kwa ukubwa, wakahesabu, wakapata. Vilichezeka, lakini vina kelele na vinachubua mbao, na mtu akivimwaga kwa haraka ndani ya shimo masikio yanauma. Baadaye nikapata komwe sokoni kwa mama anayeuza dawa za asili, za kijivu, ngumu, laini, nyepesi mkononi, nikalipa 5,000 kwa fungu lililotosha na akiba juu. Tofauti ni kubwa. Komwe ikianguka kwenye mninga inatoa mlio mdogo mzito, na nikiwa nimewapa mgongo kwenye cherehani ninajua kwa mlio huo kama mchezo unaendelea au umesimama. Tahadhari moja kwa wenye watoto wanaotambaa: komwe ni saizi ya kuingia mdomoni. Jirani yangu ana mtoto wa namna hiyo, kwa hiyo kete tunazihesabu kabla ya kufungua mlango na baada ya kucheza, na mwenye jukumu la kuhesabu ni kitinda mimba wangu. Ndivyo alivyojua kuhesabu kupita ishirini. Anazipanga nane nane kwenye sakafu, safu nane, na ikipungua moja hatoki pale mpaka ipatikane.

Sasa kuhusu kucheza. Baba mkwe wangu yuko nasi tangu Novemba, ametoka Kwimba kuja kutibiwa macho. Haoni vizuri, kitu cha karibu anakiona kama kuna moshi. Watoto wanamwita Guku, kama Wasukuma wanavyowaita babu zao. Alikuwa anashinda kwenye kiti karibu na dirisha, redio sikioni, na nilikuwa naumia moyoni kwa sababu sikujua nimshughulishe na nini. Bao lilipofika, wa kati akamwekea mapajani aliguse. Guku akapitisha viganja vyote viwili juu ya mashimo, kutoka pembe hadi pembe, akauliza, "Kete ziko wapi?"

Kwao mchezo huu wanauita isolo, na kuna sheria zake ambazo hazifanani kila mahali na za bao la Pwani. Nilimwachia afundishe anavyojua. Hazitaji kete kwa kuziona. Anaweka kidole cha shahada ndani ya shimo, anakizungusha mara moja, anasema nne, tano, saba, na hakosei. Akisomba anazimwaga moja moja kwa kidole gumba bila kuinua kiganja, mkono wake unatambaa juu ya ubao kama unasoma. Mkubwa wangu, ambaye ana macho mazima na kichwa chepesi, alifungwa michezo mingi mfululizo. Siku moja nikamsikia, "Guku, umejuaje kama pale nina sita?" Akamjibu, "Wewe mwenyewe umezidondosha. Mimi nilikuwa nasikia." Tangu hapo binti yangu anadondosha kete polepole kabisa, zisilie, na mzee anacheka kimoyomoyo na anamfunga vilevile.

Kwa hiyo lile suala la msasa nililosema hapo juu kwangu si dogo. Pembe za nyumba, lile shimo la mraba, zilikuwa kali, na komwe moja hupenda kujificha kwenye kona. Mtu anayehesabu kwa kidole anaweza kuiacha. Tulizichonga zikawa na mviringo kidogo. Ukiagiza na una mzee nyumbani, au mtoto asiyeona vizuri, mwambie fundi nyumba iwe ya mraba kwa juu ili itambulike kwa mguso, lakini chini iwe bakuli.

Kwa mtoto mdogo usianze na sheria zote. Sisi tulianza na ile namna ya kujifunzia: kete zote zinakuwa ubaoni, mbili mbili kila shimo, hakuna za mkononi. Unasomba shimo lako, unadondosha moja moja kuzunguka safu zako mbili. Ya mwisho ikiangukia shimo la mbele lenye kete, na mkabala wake kwa mwenzio kuna kete pia, unazila na kuja kuzimwaga upande wako kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele. Ambaye safu yake ya mbele imekauka ameliwa. Mtoto wa miaka 5 anashika hayo kwa siku chache. Ndipo mkubwa akaenda mbali zaidi, akafundishwa bao la Kiswahili na mpangaji mwenzetu aliyekulia Tanga. Hilo unaanza na kete kumi ubaoni, sita nyumbani na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake, halafu 22 zinabaki mkononi unazinamua, yaani unaziingiza mchezoni, moja moja kila zamu. Hapo hesabu inakuwa nzito. Binti ananiambia anaona hatua tatu mbele, na mimi namwamini, kwa sababu anakaa kimya muda mrefu, na huyu mtoto si wa kukaa kimya.

Upungufu wa bao ni kwamba wachezaji ni wawili. Wa tatu anasubiri, na kusubiri kwa mtoto ndiko kunakozaa ugomvi. Tulitatua kwa kumpa anayesubiri kazi ya kushika kete za akiba na kuzitoa zikiombwa, na mshindwa anampisha. Upungufu wa pili ni uzito. La mninga likimwangukia mtoto kwenye kidole cha mguu atalia kweli, kwa hiyo linachezewa chini mkekani, halipandi mezani. Zaidi ya hayo sina neno. Kwa kipimo changu cha mkeka mmoja, limefaulu: wa miaka 5 na wa miaka zaidi ya 70 wamekaa pamoja na mimi nimemaliza mashati ya watu.

Ludo nilinunua ya dukani mjini, 5,000, ya karatasi ngumu, upande wa pili ina nyoka na ngazi. Sifa yake ni kwamba wanacheza wanne, na hakuna wa kufundishwa, kila mtoto mtaani anaijua. Lakini karatasi yenyewe ilianza kubanduka pembeni kabla ya Krismasi, na dadu lilikuwa jepesi mno, linakimbilia chini ya kabati. Na ludo ina shida yake ya asili: mpaka upate sita hutoki. Kitinda mimba wangu alikuwa anakaa na kete zake nne nyumbani huku wenzake wanazunguka, uso umevimba, mwishowe anapangua ubao. Nilinyanyuka kwenye cherehani mara nyingi kwa sababu ya ludo kuliko kitu kingine chochote. Tukabadilisha sheria, kwa mtoto mdogo moja au sita zote zinamtoa, na vurugu ikapungua.

Ila ubao ulipochakaa ndipo ludo ilipokuwa na faida. Niliwapa boksi la katoni kutoka dukani kwa jirani, rula na kalamu za rangi, nikawaambia choreni yenu. Mkubwa akagundua kuwa ludo yote ni miraba 15 kwa 15. Ukifanya mraba mmoja sentimita tatu, unahitaji katoni ya sentimita 45 kila upande. Kila mkono una miraba sita kwa mitatu, na njia ya kuzunguka nje ina miraba 52, walihesabu mara mbili kwa sababu hawakuaminiana. Wa kati akapaka rangi, na badala ya zile kete za plastiki wakatumia vifungo kutoka kwenye kopo langu, vyeupe, vyeusi, vyekundu na vya dhahabu vya makoti. Hii ya katoni bado ipo. Ya dukani imeshaenda kuwasha jiko. Kwa mzazi mwenye mtoto wa darasa la tatu na kuendelea nashauri usinunue ubao kabisa, nunua dadu tu.

Kwenye bisi nina la kusema refu kidogo. Hakuna kitu cha bei ndogo kinachokusanya watoto jikoni kama sufuria ya bisi. Kilo moja ya mahindi ya bisi nilinunua 4,000, na mkono mmoja tu wa punje unajaza bakuli kubwa. Fungu la kwanza lilinisikitisha. Lilikuwa limewekwa wazi kwenye debe, juani, na nilipokaanga karibu nusu ya punje zilibaki chini zimeungua bila kupasuka. Wa kati akataka kujua kwa nini, na mimi nikaona ni swali zuri kuliko bisi zenyewe. Punje ina maji kidogo ndani yake, kama asilimia 14 ya uzito. Ikipata joto la nyuzi 180 hivi, maji yale yanakuwa mvuke, ganda linashindwa kuuzuia, punje inapasuka na wanga wa ndani unatoka umevimba. Punje iliyokauka kupita kiasi haina mvuke wa kutosha, na yenye ufa kwenye ganda inavujisha. Tukaweka vikombe vitatu vya zile punje kwenye chupa yenye mfuniko, tukatia kijiko kimoja cha maji, mtoto akawa anaitikisa asubuhi na jioni kwa siku tatu. Zilipoingia motoni zilipasuka karibu zote. Kijana alisimulia jambo hilo mtaa mzima.

Namna yetu: sufuria nzito, mafuta vijiko vitatu, punje tatu za kujaribia. Zikipasuka hizo tatu ndiyo unamwaga nyingine na kufunika. Mafuta na moto nashika mimi, hapo simwachii mtoto. Kazi yao ni kusikiliza. Milio ikianza kupishana kama kupumua mara mbili, wanapiga kelele "ipua!" na mimi naipua. Chumvi kidogo, na kama kuna sukari ya kuchezea, nusu ya bakuli inapata sukari iliyoyeyushwa. Guku yeye anapenda michembe yake, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na hataki kusikia habari za bisi, basi tunamwekea michembe ya kuchemsha kwenye bakuli lake, na watoto wanaishia kumwibia.

Penseli za rangi, pakiti ya 12, nilinunua 2,500 na sizipendekezi. Risasi inakatika ndani kwa ndani, ukichonga inatoka, ukichonga tena inatoka, penseli inaisha bila kuchora. Zile za 4,000 zinadumu mara nyingi zaidi, kwa hesabu ya mwisho ndizo rahisi. Daftari kubwa la kaunta ni zuri kuliko kitabu cha kupaka rangi, kwa sababu kitabu cha kupaka rangi kinaisha na daftari linamtaka mtoto aangalie kitu.

Na kitu cha kuangalia tunacho, bure, kwenye mawe nyuma ya nyumba. Mvua ikikatika na jua likatoka, mijusi wanapanda juu ya majabali kuota jua. Dume ana kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu iliyokolea, jike ni wa rangi ya udongo. Spishi hii ya kwetu wataalamu wameipa hata jina la Mwanza, wanaiita Agama mwanzae. Nilipowaambia watoto kwamba yule mjusi wanayemrushia mawe ana jina la mji wao kwenye vitabu vya sayansi, mawe yaliisha siku hiyohiyo. Sasa wanakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma na daftari. Wa kati ameandika kwamba dume mmoja ndiye mwenye jabali kubwa, na dume mwingine akisogea, huyu anapiga kichwa juu chini, juu chini, mpaka yule aondoke. Ameandika pia kwamba asubuhi na mapema, jua halijapata nguvu, wekundu unakuwa umefifia, na kadiri jiwe linavyopata moto ndivyo rangi inavyorudi. Hakuna aliyemwambia hayo. Mdogo anachora tu, na mijusi yake yote ina vidole vitano kila mguu kwa sababu alichuchumaa akahesabu.

Yale matofali ya plastiki ya kuunganisha, boksi la 8,000 kutoka duka moja la mjini, niyataje haraka tu. Vipande havishikani, nyumba inabomoka kabla haijafika dirishani, na picha iliyo juu ya boksi ina vipande ambavyo ndani havimo. Nilirudisha, wakakataa kwa sababu boksi lilishafunguliwa. Usinunue bila kuunganisha vipande viwili vitatu mbele ya muuzaji.

Umeme ukikatika usiku, hapo hakuna cha kununua. Ni zamu ya Guku. "Kitendawili!" "Tega!" Wanangu wanazijua za shuleni, nyumba isiyo na mlango na kuku aliyetagia mwibani, lakini mzee anazo za ng'ombe na za mtama ambazo sikuwahi kuzisikia, na asiyejua jibu lazima ampe mji. Mdogo ameshatoa Misungwi, Magu na Sengerema. Kwimba alikataa kuitoa, akasema hiyo ni ya Guku. Nimeona mkubwa ameanza kuziandika nyuma ya lile daftari la mijusi, na hilo limenigusa, kwa sababu mwenye kuzijua ni huyu mmoja na macho yake yanaenda.

Kwa atakayetaka bao: fundi anapokea oda ya moja moja, hana ya kuweka dukani, kwa hiyo nenda mapema, wiki tatu kabla ya kulihitaji. Usitoe hela yote mwanzoni. Mwambie msasa ufike chini ya mashimo yote 32, zikiwemo pembe, na upitishe kidole mwenyewe shimo kwa shimo kabla ya kumalizia malipo, hatakasirika. Kama utalibeba kwa daladala omba akutobolee tundu mwishoni upitishe kamba. La mninga nimelipa 30,000. La paini anafanya 18,000, ni jepesi na linabonyea ukucha ukikazia, lakini kwa mtoto anayeanza linatosha kabisa, ilimradi kina cha mashimo kiwe kilekile cha sentimita tatu.